Kozi ya Kiingereza ya mangaribi kule Nyawera, Bukavu: mimi nasema muende

Nimemaliza miezi mbili ku kozi ya Kiingereza ya mangaribi kule Nyawera, naandika juu wengi wananiuliza kama ile dola 15 ya mwezi haiendi bure. Haiendi bure. Mabaya yake nitasema, ila nianze na siku moja, juu njo ile siku ilinifanya nibakie.

Tulikuwa tunasoma tekste, mule wameandika kijana amepoteza "moral compass" yake. Mimi haraka haraka nikasema kompa, ile ya kuchorea maduara mu jeometria, na darasa zima lilifikiri vile, juu sisi tumesomea Kifaransa na mu Kifaransa compas ni ya kuchora, ya kuonyesha kaskazini ni boussole. Mwalimu hakutucheka. Akaeleza kama Waingereza wako na neno moja kwa vyote viwili, walilitoa ku Kifaransa cha zamani, na mzizi wake wa Kilatini, passus, ni hatua, yaani kupima kwa kuhesabu hatua. "Moral compass" njo busole ya moyoni, ile inakuonyesha mema na mabaya. Kisha akatoa busole mu mfuko, akaiweka ku meza ya mbao, mshale ukaangalia ziwani, kule boti za Goma zinaendea. Akasogeza simu yake karibu, iko na sumaku mu spika, mshale ukageuka. Akatuuliza: ku maisha yako, simu ni nani?

Mimi niko mwaka wa pili bila kazi tangu nimalize lisansi, ile diplome ya chuo kikuu. Wajomba wanasema Kampala, mama anasema nibakie ku duka, mchungaji naye iko na yake. Watu walipotoka nikamuomba mwalimu anichagulie. Akakataa kabisa, akasema busole inaonyesha kaskazini, barabara haikuchagulii, niandike kwa Kiingereza kile ningefanya kama hakuna mutu anasimama karibu yangu. Niliandika kurasa tatu. Akasahihisha gramere tu, na biki nyekundu, maoni hata moja hakuweka. Siku ile nilikasirika, leo ninamushukuru sana.

Mabaya sasa: fotokopi unalipa kando na hawakuambii mbele, darasa ni dogo, umeme ukikatika jenereta inafunika sauti ya mwalimu.

Mwezi wa tatu nimeshalipa. Ukienda fika mbele ya saa kumi na moja, ukae mbele, dirisha la nyuma njo liko karibu na jenereta.