Mratibu wa harusi mjini Cebu: tathmini ya bwana harusi mgeni

Mratibu tuliyemkodi Cebu, nchini Ufilipino, alistahili malipo yake, ingawa si kwa kila jambo. Kwa desturi ya Kifilipino gharama za harusi huuelemea upande wa mwanamume, na bajeti niliyoiandaa kabla ya safari haikuwa na fungu la pamamanhikan, yaani ziara ya kuposa, ambako mtu haendi mikono mitupu. Mratibu ndiye aliyenieleza kwamba lechon, nguruwe aliyebanikwa mzima, haiepukiki. Kwamba ninong na ninang, wasimamizi wa ndoa, huongezeka kadiri familia inavyoheshimika. Na kwamba sarafu 13 za arrhae, ambazo bwana harusi humkabidhi bibi harusi, pamoja na shela na kamba wanazovikwa maharusi, zinaweza kuazimwa kwa jamaa, shauri ambalo liliniokolea fedha nyingi kuliko punguzo la ukumbi. Alikosea upande wa serikali: hakunikumbusha kwamba mgeni huhitaji hati ya ubalozi wake inayothibitisha kuwa anaruhusiwa kisheria kuoa, wala kwamba maombi ya leseni ya ndoa hubandikwa hadharani kwa siku 10, hivyo nikalipia malazi ambayo sikuyapangia. Barong, shati rasmi la Kifilipino, aliyonitafutia fundi wa kuishona, hata hivyo, naivaa mpaka leo.