Selajinela ipi ununue kwanza

Kabla hujauliza bei ya selajinela, mmea mdogo wa mapambo usiotoa maua, wenye majani madogo kama magamba, fikiria hewa ya nyumbani kwako. Mmea huu hauna shida na kivuli, ila hewa kavu huumaliza ndani ya siku chache, na tawi likishakauka kabisa halirudi, isipokuwa kwa ile ya jangwani nitakayoitaja mwisho.

Ninayoiweka ya kwanza ni Selaginella kraussiana. Ni ya kwetu, huota yenyewe kwenye misitu ya milimani Afrika Mashariki, kwa hiyo ukiwa Lushoto au Limuru umeshapata hali yake. Hutambaa chini, na shina likigusa udongo mbichi hutoa mizizi. Chungu kimoja kitakupa miche ya kumgawia jirani. Nunua kwa mwenye kitalu anayeotesha mwenyewe. Ukiambiwa imetoka msituni, iache. Kung'oa zulia la msitu kwa ajili ya chungu cha sebuleni ni hasara kubwa mno.

Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa ningechukua Selaginella uncinata, yenye asili ya China. Kivulini majani yake hung'aa buluu, na juani buluu hiyo hupotea. Hivyo usiikatae kwa kuwa muuzaji ameianika ikabaki kijani, mradi haijaungua.

Selaginella martensii ni ya tatu. Husimama kidogo, inapendeza ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko.

Ya mwisho ni Selaginella lepidophylla ya jangwa la Chihuahua, huko Mexico na kusini mwa Marekani, inayouzwa ikiwa imejikunja mviringo, kavu. Ukiiweka kwenye maji hufunguka ndani ya saa chache, na hapo wengi hutoa hela. Lakini hata iliyokufa hufunguka, maana kinachoyanyoosha matawi ni maji tu. Iliyo hai ndiyo inayorudisha kijani. Isiporudisha, unanunua pambo.

Yoyote utakayochagua, inua matawi utazame chini yake. Ukikuta mashina ya kahawia yanayonuka uvundo, rudisha. Chungu kiwe kipana, cha kina kifupi, chenye mboji iliyochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, kinga maji ya mvua kwa ajili ya mmea huu. Chumvi huzichoma ncha.