Kutoka Lindi hadi lango la Mtemere: uzoefu wangu wa Hifadhi ya Nyerere

Nianze na kilichonikera, nimalizane nacho. Wakala aliyetuuzia safari hii, ambaye simtaji, alituahidi gari ambalo kila abiria anakaa dirishani. Tulipofika Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere, tukakuta Landkruza iliyochomekwa viti vya ziada katikati, na ukikaa pale unachotazama ni migongo ya wenzako. Ikabidi tupokezane. Kabla hujatuma hela, dai picha ya ndani ya gari lenyewe kwenye WhatsApp, siyo ile picha nzuri ya tangazo. Mengine ya wakala yalikuwa ya kawaida tu: kuku mkavu, chapati, ndizi, maji ya kutosha.

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na sisi wa mkoa wa Lindi tumepakana nayo upande wa Liwale. Lakini kwa mtu anayetegemea gari la kukodi, naona bado ni rahisi zaidi kuzunguka hadi Mtemere: lami mpaka Kibiti, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lindi mjini, halafu vumbi hadi Mloka. Ondokeni alfajiri, mlale Mloka, muingie hifadhini kukipambazuka. Masika msithubutu. Mwaka 2024 barabara yetu ilikatika Somanga watu wakakwama huku na huku, na ndani ya hifadhi nako udongo mweusi ukishiba maji haumwachii mtu tairi. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno mbele ya kile cha mgeni, na malipo ni kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), siyo noti mkononi.

Nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa Liwale, na kwa kweli yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Shangazi hakukulia kwenye vipindi vya wanyama vya televisheni. Kwake tembo ni mwizi wa mahindi, na simba ndiye aliyewafanya watu waogope kutoka nje usiku. Wengi wa huku tunazo habari hizo ndani ya ukoo. Watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kwa hiyo dereva, ambaye ndiye mwongozaji pia, alipopunguza mwendo akasema kwa furaha, "Leo mna bahati, simba wale pale," shangazi alimjibu, "Bahati gani hiyo, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipomkubali yule kijana. Hakucheka, wala hakuanza kumhubiria kuhusu fedha za kigeni. Alizima injini, akasema, "Pole, mama. Kwenu Liwale?" Kisha akaanza kueleza taratibu. Kandokando ya maziwa ya huku simba wana swala pala, nyumbu na nyati wa kuwatosha. Kule mashambani wanyama hao wamepungua, waliobaki ni nguruwe pori. Nguruwe anafuata mazao, mkulima analala kwenye dungu kulinda shamba, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Shangazi alitikisa kichwa kukubali, akaongeza na yake ambayo dereva hakuwa akiyajua. Tulikaa pale muda mrefu, majike yamelala chini ya mti, hata mkia hayatikisi, na mazungumzo ndani ya gari yalikuwa matamu kuliko simba wenyewe. Sharti lilikuwa moja: usisimame, usitoe mkono nje, maana simba wamezoea umbo la gari zima, siyo la mtu.

Kwenye tembo kidogo wagombane. Dereva alisimulia kwamba hesabu ya mwaka 1976 ilikuta tembo karibu 110,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka, na kufikia 2013 ujangili ulikuwa umewabakiza kama 13,000 tu. Shangazi akauliza, "Na hao waliobaki mbona wote wanakuja kwetu?" Gari zima lilicheka. Akataka pia kujua kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa kinachelewa kwa nini. Kijana akamjibu kiungwana kwamba hilo ni la ofisi ya wanyamapori ya wilaya, si la dereva.

Aliyemwacha shangazi mdomo wazi ni twiga. Watu wanadhani ukikaa jirani na Selous basi umeona kila kitu, kumbe upande wa kusini wa mto Rufiji twiga hakuna. Mto ndio mpaka wao, na Mtemere iko kaskazini yake. Shangazi, pamoja na umri wake wote, alikuwa anamfahamu kwa picha tu, ile ya kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania. Alimpiga picha nyingi kuliko sisi vijana.

Mbwa mwitu hatukuwaona, ingawa hifadhi hii ni moja ya ngome zao kubwa Afrika. Dereva alikuwa amekataa kutuahidi tangu asubuhi, nami nampa alama kwa hilo. Simu yake ilipolia kwamba gari fulani limeona kitu mbali huko, alituuliza kwanza. Tukachagua kubaki pale ziwani, injini imezimwa, tukitazama viboko wakigombania kina na mamba waliojianika kwenye mchanga.

Nguo: msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mwenzetu mmoja alivaa jinzi, akaumwa juu ya jinzi hiyo hiyo.

Boti ya jioni kwenye mto Rufiji hulipiwa pembeni, na wakala alijifanya kusahau kutuambia. Ulizeni mapema iingizwe kwenye bei. Kwangu mimi ilikuwa tamu kuliko mzunguko wa gari: hakuna vumbi, hakuna mbung'o, na tembo wanakuja kunywa karibu kiasi cha kusikia wanavyovuta maji. Dereva wetu tulimchangia bakshishi bila kuombwa. Wakala nyota mbili, dereva nyota tano, na namba yake ninayo, safari ijayo nampigia yeye moja kwa moja.