Uzoefu wangu na marubani wa bandarini: kuna anayeongea na kuna bubu

Mi ni afisa wa meli, na tukiingia bandarini kazi yangu ni kukaa darajani, yaani chumba cha juu cha kuongozea meli, kwenye telegrafu ya injini, ule mkono wa kupeleka amri za mwendo kwenye injini, naandika kila amri na saa yake, kwa hiyo marubani nimewaona wengi, wazuri na wabovu. Watu wanadhani rubani akipanda ndo kachukua meli. Sivyo. Yeye anaijua njia, anajua mkondo unasukuma wapi na mchanga umehamia wapi, lakini dhamana inabaki kwa kapteni na sisi wa zamu tunabaki na kazi zetu zilezile, mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, unasema hivo. Mfereji wa Panama ni habari nyingine, kule rubani ndo mwenye amri.

Naanza na aliyetuumiza. Alipanda, akasalimia kwa kichwa, akasimama dirishani na simu sikioni. Kapteni akamuuliza mpango, akajibiwa usijali. Na tagi, zile boti za kuvuta na kusukuma meli, akawa anaongea lugha yao kwenye redio, sisi tupo tupo tu hatujui tagi ya nyuma inavuta au inasukuma, na gati hilo linakuja na mwendo bado mkubwa, kapteni akauliza mara mbili, jamaa anapunga mkono. Mwisho kapteni mwenyewe akasema rudisha nyuma kabisa, nikavuta, tukagusa hivohivo, bati la ubavuni likabonyea. Hakuna aliyeumia lakini usiku ule sikulala, maana tulikuwa watu wanne pale na tulinyamaza muda mrefu mno. Mwaka 2007 meli ya Cosco Busan iligonga daraja la San Francisco kwenye ukungu ikiwa na rubani, na wachunguzi waliandika hilohilo pamoja na mengine, kwamba rubani na kapteni hawakuzungumza vya kutosha.

Sasa yule ambaye nampa nyota tano bila kufikiri. Ilikuwa usiku, bahari imechafuka, boti yake iko chini inapanda na kushuka. Akamulika ngazi ya kamba kwa tochi, akagoma kupanda, kamba ya upande mmoja imelika pale inapoingia kwenye kipago. Nilikuwa nimepita pale na sikuiona, inaniuma mpaka leo, marubani wanakufa kwa ngazi kama ile. Tukafunga nyingine, tukachelewa, kuna walionung'unika, mi nilikuwa upande wake kabisa.

Darajani kitu cha kwanza akaomba kadi ya rubani: meli imezama kiasi gani majini, kila amri ya injini inatoa mwendo wa noti ngapi, kuna kibovu chochote? Tukamwambia ukweli kwamba propela ya pembeni ya mbele haina nguvu sawasawa, akabadilisha mpango palepale, akataka tagi ya pili. Akamwonesha kapteni kwenye tableti yake, tunapinda hapa, tagi zinafunga hapa, tukilipita boya hili hatuwezi tena kugeuza kwa hiyo kama kuna wasiwasi semeni kabla. Akaeleza pia kwa nini atapunguza mwendo mapema, maana kwenye maji madogo meli ikikimbia inazidi kuzama, usukani nao unakuwa mzito kusikia. Kila akitoa amri mshika usukani anairudia, na yeye anainua macho kuangalia mshale wa usukani kama kweli umeenda upande ule, kila mara, hata amri ya arobaini. Tagi aliongea nazo kwa lugha yao kama yule mwingine, ila akimaliza tu anageuka: Kapteni, nimemwambia wa nyuma avute taratibu.

Tulipofunga kamba ya mwisho kapteni akamsainia karatasi yake. Nikajua anashuka aende, kumbe akaniuliza ile ngazi mbovu mmeiweka wapi. Nikampeleka. Akasimama pale na koti lake limelowa mpaka serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alipoleta shoka akaikata vipande.