DVD ya Carlos Kleiber niliyonunua Ngamiani: onesho nyota 5, duka nyota 2

Nimeinunua elfu kumi kwa babu mmoja Ngamiani, hapa Tanga, anauza redio na deki za mtumba. Nikamwamkia, nikamuuliza hii ina nini, akanijibu "mjukuu wangu, maisha yake yote yamo humo". Wapi! Ni onesho tupu, simfoni namba 4 na namba 7 za Beethoven (muziki mrefu wa sehemu nne nne) na orkestra, yaani kundi kubwa la wapiga vyombo, ya Concertgebouw ya Amsterdam, 1983. Maisha hakuna hata dakika moja na kijitabu cha ndani kimeshapotea.

Maisha yenyewe nilikuwa nayajua kidogo ndo maana nikaikimbilia. Kleiber ni kondakta, yaani mwongozaji wa orkestra (siyo wa basi, mdogo wangu alishaniuliza anafanya ruti ya Lushoto au Korogwe) kazaliwa Berlin 1930 anaitwa Karl, baba yake Erich naye kondakta mkubwa, akaacha kazi kwa sababu ya Wanazi, familia ikaishia Argentina na huko Karl ndo akawa Carlos. Mzee hakutaka kijana ashike kijiti, kijana akapelekwa Zürich kusoma kemia, haikusaidia. Halafu sasa kumpata ilikuwa shughuli, maonesho yake ya orkestra maisha mazima hayafiki mia, Karajan, kondakta mwenzake aliyeongoza orkestra ya Berlin Philharmonic, alikuwa anamtania kwamba huyu anafanya kazi friji likiwa tupu tu. Berlin Philharmonic walimtaka baada ya Karajan akakataa, ila 1996 kaenda Ingolstadt kuongoza onesho na kwenye malipo kuna gari la Audi. Sisi Tanga si tunasema waja leo waondoka leo, basi huyu ndo mwenyewe.

Tuje kwenye DVD. Mi nafundisha kwaya, nimezoea kupiga mikono moja mbili tatu nne kama nafukuza kuku kwenye mpunga. Huyu hafukuzi kuku. Kamera imemkazia usoni muda mwingi, kuna mahali mkono unashuka kabisa anawaangalia tu anatabasamu na orkestra inaenda, yaani inaenda! Vayolini za kwanza kaziweka kushoto kwake za pili kulia, zikijibizana unasikia huku wanauliza kule wanajibu, kwa hiyo chomeka spika mbili, kwenye simu hiyo raha huipati. Na kwenye sehemu ya mwisho ya namba 4 kuna mtu wa fagoti (chombo kirefu cha kupuliza, sauti nzito) anaachiwa kipande cha mbio peke yake, hapo nimerudisha nyuma mara sita na wali ukaungua.

Tatizo ni namba 7 sehemu ya tatu, inakwama, Kleiber anaganda mdomo wazi. Nikairudisha dukani, babu akaipuliza akaifutia kanzu akanipa, "jaribu tena". Nimejaribu. Sasa hivi naangalia ya kwanza na ya pili, naruka naenda ya nne.