Kiwanja cha Watoto Katikati ya Nyumba: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikimpeleka binti yangu wa miaka tisa, siku mbili kwa wiki, katika kituo cha watoto kilichofunguliwa kwenye kiwanja kilichobaki wazi katikati ya nyumba zilizobanana, katika mtaa wa kipato cha chini ambao watoto wake hawana pengine pa kuchezea isipokuwa barabarani. Kituo hakitozi ada, na kinaendeshwa na wazazi wanaojitolea pamoja na walezi wawili wanaolipwa. Sitakitaja jina, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ya kusema ni malalamiko.

Kinachompokea mgeni si bembea wala michoro ya ukutani, bali meza ndogo mlangoni na daftari lake, ambamo kila mtoto huandikwa saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la mtu mzima aliyeruhusiwa kumchukua. Wiki ya pili nilimtuma mdogo wangu amchukue binti yangu bila kutoa taarifa. Mlezi alimpa kiti, akamkatalia kwa upole, kisha akanipigia simu kabla mtoto hajaruhusiwa hata kuvaa viatu. Mdogo wangu alinuna jioni nzima, lakini mimi ndiyo siku niliyoanza kukiamini kituo kile. Ndani nako mambo ni hayohayo: hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, milango ya vyumba ina vioo usawa wa macho, na makomeo ya vyoo hufungwa kwa ndani lakini huweza kufunguliwa kwa nje panapotokea dharura.

Bembea zipo, ni mbili, na sina la kuzisema. Watoto hujazana penye kona ya vikorokoro, chini ya paa la mabati, ambako maboksi yamejaa vipande vya mbao, mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, vizibo vya chupa, kamba, magurudumu ya baiskeli yasiyo na tairi, na nyaya zilizokunjwa ncha ili zisichome. Mzazi anayeingia mara ya kwanza hudhani ameletwa jalalani, na kusema kweli hata mimi nilisita. Mpango huu una historia yake: msanifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen, aliona kwamba watoto walivutiwa zaidi na mabaki kwenye maeneo ya ujenzi kuliko viwanja walivyosanifiwa, na kutokana na wazo lake ukafunguliwa uwanja wa Emdrup, Copenhagen, mwaka 1943, wakati nchi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Uwanja ule ulikuwa na mbao na nyundo, lakini pia ulikuwa na mlezi, na hapo ndipo waigaji wengi hukosea, kwa kuleta mbao wakamsahau mlezi.

Kituo hiki hakikumsahau. Siku moja nilimtazama mvulana wa miaka kama kumi akikata ubao kwa msumeno mdogo. Mlezi alisimama umbali wa mkono mmoja, mikono yake ameifumba mgongoni, na kwa muda wote ule alisema maneno matatu tu: “Sogeza kidole gumba.” Msumeno ulikwama mara kadhaa, ubao ukakatika upogo, na mvulana akaupigilia hivyohivyo kwenye kibanda ambacho yeye na wenzake walikuwa wamekijenga kwa siku nne. Ningekuwa mimi, ningeunyakua ule msumeno tangu ulipokwama mara ya kwanza.

Udogo wa eneo, ambao wazazi wengine huulalamikia, mimi siuhesabu kuwa kasoro. Kuanzia mwaka 1947 msanifu majengo wa Uholanzi, Aldo van Eyck, alisanifu mamia ya viwanja vya watoto mjini Amsterdam, vingi vikiwa kwenye vipande vya ardhi vilivyosahaulika kati ya majengo, na ukaribu wa nyumba ulikuwa sehemu ya faida yake. Hapa pia majirani huchungulia dirishani, na hilo linasaidia ulinzi.

Malalamiko yangu ni matatu. Kwanza, lango hufungwa saa kumi na moja jioni, ilhali wazazi wengi wa mtaa hurudi kazini baada ya hapo, kwa hiyo saa ambayo mtoto anahitaji pa kukaa ndiyo saa anayotolewa nje. Pili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na Ibara ya 31 inampa haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa; hapa aliyefikisha miaka 13 hana lake, na wasichana ndio wanaotoweka mapema, kwa kuwa wengi huja wamebeba wadogo zao na hakuna aliyefikiria nani atampokea huyo mdogo ili dada naye acheze.

La tatu ndilo lililoniudhi zaidi. Wafadhili walipotembelea, watoto walipangwa mstari na kupigwa picha bila mzazi yeyote kuulizwa, na kibanda cha wale wavulana kilibomolewa asubuhi yake ili pawe nadhifu. Kituo kinachomzuia mjomba wa mtoto langoni hakina sababu ya kuiachia kamera ya mgeni. Nilimweleza msimamizi, naye akaahidi fomu ya ridhaa, ambayo hadi leo sijaiona.

Pamoja na hayo naendelea kumpeleka binti yangu. Anayetaka kumpeleka wake aende naye mara ya kwanza bila kutoa taarifa mapema, akae pembeni saa nzima atazame, na amvalishe nguo kuukuu, maana gundi yao haitoki.