Gongo la kriketi la mti wa wilo wa Kashmir: la kuanzia linafaa, ila litayarishe

Yashasvi Jaiswal, mpiga gongo wa India, alitoka mji mdogo wa Bhadohi, akalala kwenye hema uwanjani Azad Maidan, Mumbai, akiuza pani puri, vitafunio vya mtaani. Julai 2023, katika mechi yake ya kwanza ya Test, kriketi ya kimataifa ya siku tano, alipiga mikimbio 171 dhidi ya West Indies. Kijana wa Mbeya anayemfuatilia hahitaji gongo la bei ya Jaiswal. Wilo wa Kashmir unatosha: ni mgumu, mzito kidogo, na mpira hauruki mbali kama kwa wilo wa Uingereza. Chagua lisilozidi kilo 1.2.

Kasoro ni kwamba mengi huuzwa bila kutayarishwa. Paka uso (upande bapa unaopiga mpira), kingo na ncha ya chini mafuta mabichi ya kitani, kijiko kimoja cha chai, ulilaze saa 24, kisha rudia. Maungio ya mpini yasiguswe, gundi italegea. Halafu gonga uso na kingo kwa nyundo ya mbao, polepole kwanza, jumla ya saa 6 hivi. Ukiruka hatua hii, mpira mpya wa ngozi utapasua ncha, na hapo usimlaumu muuzaji.

Baridi kavu ya Juni na Julai hufungua nyufa usoni. Unyevu wa Tukuyu huvimbisha ncha. Lisikae karibu na jiko la mkaa. Na ukichezea mpira laini wa tenisi tu, nyundo ya nini?